Je, wajua CT, mashine ya eksirei inayozunguka mwili, hupigaje picha ya moyo usiosimama?

Kwa miaka mingi swali hili nililijibu bila kusita: skani ya CT huonyesha mishipa ya moyo unaodunda kwa sababu mashine ina kasi kuliko moyo. Nilikosea. Mashine ikishindanishwa na moyo unaokwenda mbio, mara nyingi mashine ndiyo hushindwa, na picha hutoka na ukungu.

Mishipa inayoulisha moyo wenyewe ina upana wa milimita 2 hadi 4 hivi, nayo huyumba kwa kila pigo. Kupata picha moja, mashine nyingi za kisasa huhitaji kuzunguka takribani nusu duara, yaani sekunde 0.15 hivi. Ni kufumba na kufumbua, lakini moyo unapojikaza, mshipa wa kulia, ambao ndio mtundu kuliko wenzake, unaweza kuhama kuliko upana wake ndani ya muda huo.

Ujanja ni kuvizia. Mtazame mtoto kwenye bembea: akifika juu kabisa hutulia kidogo kabla ya kurudi, na hapo hata kamera ya kizamani humpata vizuri. Moyo nao una kituo chake. Ukishajaa damu karibu yote, kabla vyumba vya juu havijamalizia kusukuma, hutulia. Nyaya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kifuani huijulisha mashine wakati huo. Mapigo yakiwa 60 kwa dakika, kituo kinatosha. Yakifika 90, kinacholiwa zaidi ni mapumziko, si kazi. Ndiyo maana wengi hupewa kwanza dawa ya jamii ya beta-bloka, inayopunguza kasi ya mapigo: kamera imefika ukomo wake, basi anapunguzwa mwendo anayepigwa picha.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: mashine nyingi hupiga kipande katika pigo hili, kingine katika pigo linalofuata, kisha huviunga. Moyo unaouona kwenye skrini haukuwahi kuwapo hivyo hata nukta moja! Mapigo yakiwa ya ovyo, vipande havikutani na mshipa huonekana una ngazi. Mashine pana zaidi humaliza yote kwa pigo moja.

Kalsiamu iliyoganda ukutani mwa mshipa nayo hung'aa kupita ukubwa wake, hivyo mshipa uliobana kiasi huweza kuonekana kama umekaribia kuziba. Na hata mbano ukiwa wa kweli, picha hii huonyesha umbo tu. Kama misuli inakosa damu, mara nyingi kipimo kingine ndicho hujibu.