Samaki anakosa pumzi ilhali maji yana hewa

Mfugaji anafika bwawani asubuhi na kukuta sato wamepanda juu wanahema. Anaingiza maji mapya, anapima oksijeni, inatosha, lakini samaki hawatulii. Hapo mkamate mmoja umfunue matamvua. Yakiwa ya kahawia badala ya mekundu, shuku sumu iitwayo nitriti.

Samaki hutoa amonia, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo sana. Hawa wa pili huchelewa kuzaliana. Ndiyo maana tangi jipya, au bwawa lililoongezewa chakula ghafla, hujaa nitriti.

Samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hupoteza chumvi muda wote, kwa hiyo seli za matamvua hufyonza kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi, majini ili kufidia. Nitriti hupita njia hiyohiyo, na inaweza kurundikana kwenye damu hadi kufikia mara kadhaa ya kiwango kilichomo majini. Ndani ya chembe nyekundu hukibadili chuma cha himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, na damu hiyo haibebi tena oksijeni. Misuli inalazimika kuvunja sukari bila oksijeni: asidi ya laktiki hupanda, akiba ya sukari (glikojeni) kwenye ini hupungua, na potasiamu huvuja kutoka kwenye chembe za damu na misuli. Samaki hana tena nguvu ya kukua. Hata kambale, anayevuta hewa juu ya maji, hasalimiki, maana hewa hiyo nayo hubebwa na damu ileile.

Kinga ni chumvi ya kawaida, na nasikitika kwamba wengi hukimbilia dawa za bei kabla ya kuifikiria. Kloraidi ikiwa nyingi majini huizuia nitriti kuingia. Lenga iwe angalau mara 10 ya nitriti. Kwa maji yasiyo na kloraidi, kila miligramu 1 ya nitriti kwa lita huhitaji takriban gramu 17 za chumvi kwa kila mita ya ujazo. Bwawa la mita za ujazo 300 lenye kiwango hicho litatumia kilo 5 hivi. Sitisha chakula, badilisha sehemu ya maji, endelea kupima.

Maji yakitengemaa, vimeng'enya vya samaki huirudisha himoglobini katika hali yake ndani ya siku moja au mbili. Siku hizo usiwavue wala kuwasafirisha. Purukushani ndogo tu inatosha kuwaua.