Ati shairi ni la kupambia riwaya?

Watu wa vitabu hapa Lamu wakikaa barazani, mjadala ni riwaya mwanzo mwisho, shairi lawekwa mwisho, mtu aghani beti mbili tatu, watu waseme mashaallah kisha chai. Ushairi ndo umegeuzwa mgeni kwao wenyewe, na kuna maneno yarudiwa kila siku ambayo si kweli.

"Shairi halina stori." Nani kasema? Utendi wa Tambuka wa 1728 (utendi ndo shairi refu la kusimulia), wa hapo Pate tu, ni vita kati ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, kuna majeshi, kuna wajumbe, kuna mabishano ya dini, beti zapita elfu moja. Uhuru wa Watumwa wa Mbotela, ambacho wengi wakihesabu ndo mwanzo wa riwaya ya Kiswahili, kimetoka 1934. Fanya hesabu mwenyewe.

"Kutunga ni kutafuta vina tu, riwaya ndo kazi." Hili laniudhi haswa. Ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kimoja mizani (silabi) nane, vitatu vya kwanza vyaafikiana kina, yaani sauti ya mwisho, cha nne chabeba kina chake ambacho hakibadiliki mpaka utendi uishe. Mwana Kupona, mshairi wa Pate, 1858 ni mgonjwa, amwusia bintiye kwa utendi, aanza hivi: "Negema wangu binti". Sasa hesabu, ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti, nane kamili, manake ile n ya binti ni mizani peke yake, ukiiruka kipande chapwaya. Na akenda hivohivo beti mia na zaidi, bila kupoteza sauti ya mama azungumzaye na mwanawe. Mwandishi wa riwaya akichoka na sentensi airefusha au aikata, huyu hana nafasi hiyo.

"Shairi ni hisia, hoja zatafutwa kwenye nathari." Mtu wa Lamu asema hivi kweli? Uchaguzi wa 1975 hapa kambi zilijibizana kwa beti, na Kimondo, shairi la Ustadh Mahmoud Mau, imamu wa hapa Lamu, mpaka leo lazungumzwa. Huyohuyo imamu ndiye aliyetunga Wasiya wa Mabanati, kuhusu wasichana na hatari za mjini, mambo ambayo wengine wangeyaandikia riwaya nzima.

Kuhusu "bila vina si shairi", hapo nitawakera jamaa zangu: mimi masikio yangu yataka vina, lakini Kezilahabi na Kichomi chake cha 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata vina, ni mshairi, basi.

Lawama kubwa naipa shule. Vitabu teule vya sekondari ni riwaya, tamthilia na hadithi fupi, mwanafunzi aishi navyo miaka, wahusika awajua kama majirani, halafu shairi alikuta mara ya kwanza ndani ya mtihani, geni kabisa, atoe muundo, atoe bahari (aina ya shairi), ataje uhuru wa mshairi (pale alipovunja kanuni za lugha), dakika zaisha. Atalipendea wapi?