Hatifungani za shule California: yanayovumishwa na yaliyomo kwenye sheria

Kwenye karatasi ya kura, ombi la hatifungani, yaani la kukopa pesa kwa wawekezaji, ni aya isiyozidi maneno 75: wilaya ya shule ikope mamilioni kadhaa itengeneze mapaa, vyoo, nyaya za umeme na maabara, kisha deni lilipwe kwa kodi ya majengo. Uvumi unaoizunguka ni mwingi, na baadhi yake unakaribia ukweli kiasi cha kupotosha.

“Pesa zitaishia kwenye mishahara.”

Pendekezo la 39, lililopitishwa na wapigakura Novemba 2000, linakataza waziwazi mishahara ya walimu na wakuu wao, pamoja na gharama za uendeshaji. Anayeweza kulipwa humo ni mtumishi anayesimamia ujenzi wenyewe, kwa muda anaoutumia kwenye kazi hiyo. Orodha ya miradi lazima itolewe kabla ya kura, lakini isome kwa makini. “Ukarabati wa madarasa” hauahidi kwamba darasa la mwanao litaguswa. Anayeamua shule ipi ianze ni bodi ya wilaya.

“Nyumba yangu sasa ni dola 900,000, nitatozwa kwa bei hiyo.”

Hutozwi kwa bei ya soko. Tangu Pendekezo la 13 la mwaka 1978, thamani ya kodi huanzia bei uliyonunulia na kupanda kwa asilimia 2 tu kwa mwaka, isizidi hapo, mpaka nyumba iuzwe au ijengwe upya. Tuseme hati yako ya kodi inaonyesha dola 400,000. Wilaya yenye shule za msingi na sekondari pamoja hairuhusiwi kukadiria zaidi ya dola 60 kwa kila 100,000, yaani dola 240 kwa mwaka. Yenye shule za msingi pekee, au sekondari pekee, mwisho wake ni dola 30.

“Basi dola 60 ndio mwisho.”

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukomo huo ni wa kila kura: hatifungani ya 2016 na ya 2024 zikipita zote, zinapandana kwenye hati moja. Tena unapimwa kwa makadirio ya siku ya kukopa. Thamani za nyumba zikishuka baadaye, kaunti inalazimika kutoza kiwango chochote kinachotosha kulipa deni, kwa kuwa mkopeshaji aliahidiwa kodi isiyo na kikomo.

Thamani ziliposhuka baada ya 2008, baadhi ya wilaya zilibaki na kibali cha kukopa bila nafasi chini ya ukomo. Zikakimbilia hatifungani ambazo riba yake hailipwi kila mwaka, inajilimbikiza juu ya mtaji. Poway, kaskazini mwa San Diego, ilikopa hivyo takriban dola milioni 105 mwaka 2011, bila kulipa chochote kwa miaka 20, na deni lote likakaribia dola bilioni moja. Sheria ya 2013 iliweka breki: mkopo wa aina hiyo usizidi miaka 25, na malipo yote yasizidi mara nne ya mtaji.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama kiasi kinachoombwa, tafuta taarifa ya kiwango cha kodi kwenye kijitabu cha mpigakura, usome jumla ya mtaji na riba. Mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 5, ukilipwa kwa mafungu sawa kila mwaka, hugharimu karibu mara mbili ya uliokopwa. Ukiona mara tatu, uliza kwa nini.

“Kamati ya wananchi itawazuia wakikosea.”

Kamati hii, inayofuatilia matumizi ya pesa za hatifungani, haiwezi kuzuia malipo. Ina wajumbe wasiopungua saba, wakiwemo mzazi, mfanyabiashara na mwakilishi wa chama cha walipakodi, na watumishi na wakandarasi wa wilaya hawaruhusiwi humo. Kazi yake ni kupitia ukaguzi wa kila mwaka na kuuarifu umma. Viti vikikaa wazi au akidi isipotimia, ripoti hucheleweshwa na hakuna anayeshtuka. Mikutano ni ya wazi, mtu yeyote anaweza kuingia.

“Kura zaidi ya nusu zinatosha.” Zinahitajika asilimia 55. Njia ya zamani, ambayo bado ipo, inataka theluthi mbili.

“Ni kama hatifungani ya maji ya Tanga.”

Jina ni moja, chanzo cha malipo ni tofauti. Ile ya Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ya 2024, ya zaidi ya shilingi bilioni 53, inalipwa kwa mapato ya maji. Shule haiuzi kitu, kwa hiyo anayelipa ni mwenye jengo.

“Mpangaji hayamhusu.”

Raia aliyejiandikisha kupiga kura anayepanga chumba San Diego ana kura sawa na mwenye nyumba, hata kama hati ya kodi haiji kwa jina lake. Hati yenyewe hulipwa kwa awamu mbili, ya kwanza kabla ya Desemba 10 kupita na ya pili kabla ya Aprili 10 kupita, na kila hatifungani ina mstari wake humo, chini ya ule wa kodi ya kawaida ya asilimia 1 ya thamani.