Chuma kwenye gitaa la nailoni: hapana, hata namba kumi

"Fundi, nimefunga nyuzi za chuma ili sauti iwe kubwa, mbona sasa nyuzi zimepanda juu?" Swali hili huja na gitaa la klasiki, yaani lile lililoundwa kwa nyuzi za nailoni, na jibu ni lile lile kila mara: nyuzi hazijapanda. Gitaa ndilo linalokunjika.

Twende kwenye hesabu. Seti ya kawaida ya nailoni, gitaa la skeli (urefu wa uzi unaotetemeka) ya milimita 650, tyuning ya kawaida, inavuta kwa jumla kama kilo 39. Seti ya chuma namba 12 (namba ni unene wa uzi wa kwanza kwa elfu za inchi) inavuta kama kilo 74. Namba 10, ambayo muuzaji anakuapia kuwa "hiyo laini, haina madhara", inavuta kilo 60 hivi. Ni laini, ndiyo, ukiilinganisha na chuma cha namba 12. Ubao wa gitaa lako hauna habari na ulinganisho huo.

Halafu kuna mjanja aliyeshusha tyuning. Haya, shusha toni nzima: mvuto unapungua kama asilimia 20, kwa hiyo kilo 60 zinabaki 48. Bado umeizidi nailoni kwa kilo 9, na nyuzi sasa zimelegea mpaka zinagonga freti, vile vyuma vya kukatiza shingoni. Umepoteza huku na huku.

Gitaa la nailoni ubao wake wa mbele ni mwembamba, na vifito vya ndani ni vyembamba, vimechanua kutoka upande wa tundu kwenda nyuma. La chuma lina fito mbili nene zilizopishana kwa umbo la X, na shingoni lina chuma cha kurekebishia mpindo, kitu ambacho magitaa mengi ya klasiki hayana. Kwa hiyo ukilikaza chuma, ubao unavimba nyuma ya daraja (kile kipande kilichogundishwa ubaoni kushikilia nyuzi) na kuzama mbele yake, daraja linabinuka, shingo inapinda taratibu. Huko kichwani, uzi mwembamba wa kwanza unakata vile vigurudumu vya plastiki vya kukazia. Ukiliacha kwenye gari lililofungwa vioo juani, iwe Dar au Mombasa, joto linalainisha gundi na kumalizia kazi.

Pima mwenyewe. Chukua karatasi ya daftari, jaribu kuipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia hata milimita mbili, gundi imeanza kuachia. Kisha pima nafasi kati ya uzi na freti ya 12: klasiki iliyo salama ina kama milimita 3 kwa uzi wa kwanza na 4 kwa besi. Ukikuta 6, acha kuusugua mfupa wa darajani, ule unaokaliwa na nyuzi, ili kuzishusha. Mfupa hauna kosa.

Sasa lile ambalo vitabu havipendi kulisema: yapo magitaa ya klasiki yaliyofungwa chuma miaka mingi na bado yanapigwa. Mengi ni ya bei rahisi, yenye ubao wa plaiwudi nene. Jingine la aina hiyo hiyo, kutoka duka hilo hilo, linafumuka mapema. Kwa nini? Nashuku gundi ya kiwandani kuliko mbao, lakini siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba yaliyonusurika ndiyo yanayotolewa ushahidi kila tukibishana. Yaliyofumuka yako stoo.

Kulitambua gitaa la nailoni na la chuma si kazi. Daraja la nailoni nyuzi zinafungwa fundo. La chuma zinashikwa na pini sita. Nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi, shingo inapokutana na kichwa) ya klasiki ina upana wa milimita 52 hivi, ya chuma 43 au 44. Kichwa chenye matundu marefu si ushahidi, maana yapo ya chuma yenye kichwa hicho. Kinachoponza watu ni kwamba kile kishanga cha mwisho wa uzi wa chuma kinanasa vizuri tu kwenye tundu la daraja la klasiki. Kuingia kunaingia.

Unataka sauti? Kwanza badilisha nailoni zilizochakaa. Kisha jaribu zenye mvuto mkubwa, au nyuzi tatu za juu za kaboni, nyembamba na kali zaidi. Uzi wa kwanza uviringishe mara tatu, na mkia wake ubanwe nyuma ya ukingo wa daraja, si juu yake. La sivyo unachomoka na kuchapa ubao. Nailoni mpya hulegea siku kadhaa, usiilaumu.

Wenye magitaa ya chuma: namba 11 kwa anayeanza au gitaa dogo, 12 kwa yale makubwa, 13 kama unachapa ridhimu kwa nguvu. Nyuzi za gitaa la umeme ziacheni, uzi wa tatu hauna kizingo (waya uliozungushiwa nje) na hautakaa kwenye sauti. Kuhusu bronzi ya kawaida au ya fosfa, ya kwanza inang'aa zaidi na kufa haraka, lakini baada ya wiki mbili za jasho la pwani nina shaka kama kuna sikio linalozitofautisha. Kuchemsha nyuzi kwenye sufuria kunatoa mafuta na kurudisha ukali wa nyuzi za besi siku chache, ila palipoumwa na freti hapaponi.

Kama umeshafunga chuma kwenye klasiki, legeza nyuzi zote kidogo kidogo kwa zamu, zitoe, uliache gitaa bila nyuzi siku mbili tatu, kisha rudia kipimo cha karatasi. Daraja likiwa limeinuka, tafadhali sana, usimimine supa gluu. Inakauka ikiwa ngumu na ya kukatika, inanywewa na mbao, na fundi atalazimika kuikwangua yote kabla gundi ya mbao haijashika.