Upele ukirudi, hesabu kwanza wanaolala nyumbani

“Dokta, ile dawa ilikataa.” Mama mmoja wa Majengo, hapa Goma, alinipangia mezani chupa tatu tupu za benzoati ya benzili ili nisidhani anadanganya. Mtoto wake wa miaka 4 alikuwa mapajani, anasugua kiganja kwa kiganja bila kuacha. Mama huyo hakuwa mzembe. Alikuwa amempaka mtoto mara tatu ndani ya miezi miwili, na kila mara muwasho ulipoa kidogo kisha ukarudi usiku.

Nilimuuliza swali moja tu: mtoto analala na nani? Analala na dada yake, na koko aliyekuja kutoka Masisi, mama wa baba yao. Koko naye alikuwa akijikuna tangu afike, lakini mtu mzima ataanzaje kutaja vipele vya kiunoni mbele ya mke wa mwanawe?

Upele, au gale kama wengi wetu tunavyouita kwa Kifaransa, unaletwa na kidudu kiitwacho utitiri. Jike lake halifiki nusu milimita. Linachimba njia katika tabaka la juu la ngozi, linataga mayai 2 au 3 kwa siku, na linaishi mwezi mmoja hadi miwili. Mgonjwa wa kawaida ana vidudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Ni vichache, na bado vinamnyima mtu usingizi, kwa sababu kinachowasha ni mwili wenyewe unaovikataa vidudu, mayai yao na kinyesi chao.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, huku akiwaambukiza wenzake. Na baada ya dawa kufanya kazi, muwasho unaweza kubaki wiki mbili, tatu, hata nne, maana mabaki ya vidudu bado yamo ndani ya ngozi. Mtu anadhani dawa imeshindwa, anapaka tena na tena, ngozi inaungua, na sasa anajikuna kwa sababu ya dawa.

Kwa wasiwasi wa utambuzi, tuna njia rahisi. Nilichora kwa biki katikati ya vidole vya mtoto, nikafuta kwa pamba yenye alkoli. Wino wote ukatoka isipokuwa mstari mmoja mfupi uliopinda kama uzi ulioanguka. Ile ndiyo njia ya utitiri. Mama aliinama akaitazama kwa muda mrefu.

Naomba tuache kuuita upele ugonjwa wa wachafu. Utitiri unahama pale ngozi inapogusana na ngozi kwa dakika kadhaa, na kulala pamoja ndiyo njia yake kubwa. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkeno, nyumba za mbao ni ndogo, na tangu Nyiragongo ilipuke tarehe 22 Mei 2021, na kwa vita vya kabla na baada ya hapo, familia nyingi zimepokea ndugu. Kumpokea ndugu kwenye godoro lako si uchafu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka upele kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na aibu inachangia kuusahau.

Tiba ni ya nyumba nzima, siku moja, hata kwa asiyejikuna. Benzoati ya benzili ya 25% mtu mzima anapakwa kama ilivyo na kukaa nayo saa 24. Ya mtoto wa miaka 2 hadi 12 inachanganywa na maji nusu kwa nusu. Mdogo zaidi ana kipimo chake, muulize muuguzi. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, lakini dawa lazima ifike na pale asipojipata: mgongoni, matakoni, chini ya kucha, kwenye nyayo. Mwingine akupake. Ukinawa mikono ili upike, rudishia dawa vidoleni. Vidonge vya ivermektini vipo pia, ila mjamzito na mtoto wa chini ya kilo 15 hawapewi, na vinahitaji kipimo kufuatana na uzito.

Nguo na mashuka? Makala ya kupikia ni ghali, sijui nani atachemsha maji ya familia nzima. Fua na kuanika juani ulichoweza. Vingine vifunge kwenye gunia kwa wiki moja. Mbali na mwili wa mtu utitiri unakufa ndani ya siku chache.

Kinachonitia hofu kuliko upele wenyewe ni zile tyubu za sokoni za kung'arisha ngozi. Nyingi zina dawa kali kama klobetazoli. Ukizipaka, wekundu unapungua na muwasho unanyamaza, huku vidudu vinaongezeka chini yake. Nimeona mgonjwa ambaye tulichelewa kumtambua kwa sababu hiyo.

Kama nyumbani ni wewe peke yako unayejikuna kwa miezi, huenda si upele. Kuna pumu ya ngozi, na magonjwa mengine yanayohitaji vipimo. Lakini ukiona vidonda vyenye usaha, homa, uso wa mtoto kuvimba asubuhi au mkojo wake kuwa na rangi ya chai, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Bakteria wanaoingia kwenye mikwaruzo wanaweza kuumiza figo.

Jioni ile walipakwa watu saba. Baada ya wiki tatu koko alikuja mwenyewe, akafunga mlango kwanza, akaniambia bado anawashwa kidogo usiku. Nilimtazama vidole na kiuno: vipele vimekauka, hakuna njia mpya. Sikumpa chupa ya nne. Nilimpa mafuta ya kulainisha ngozi, nikamwomba arudi baada ya wiki mbili.