Nchi ndogo ikitaka makomando ianze na usafiri, bunduki baadae

Kila pakitokea shambulio huku Afrika Mashariki napata meseji kibao za vijana wa hapa Dar wanauliza nchi yenye jeshi dogo inaundaje kikosi maalum, na wengi wanaanzia kwenye bunduki, miwani ya usiku na zile picha za watu waliofunika nyuso. Mambo ya ulinzi ndo kazi yangu na wote nawauliza hivi: hao jamaa watafikaje?

Angalia Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wanne wa Al-Shabaab waliingia chuo kikuu alfajiri, wakaua watu 148. Kenya ilikuwa na Recce, kikosi maalum cha polisi wa GSU, vijana wazuri kweli, ila walikuwa upande wa Nairobi, zaidi ya kilomita 350, usafiri ukasumbua mpaka wakafika mchana, na walipoingia wakamaliza kazi haraka, jioni ileile. Yani uwezo ulikuwepo, ndege ya kuupeleka ndo haikuwa tayari, na masaa yote hayo wanafunzi walikuwa mle ndani. Mpaka leo inaniuma.

Sasa Singapore, kisiwa tu. Machi 1991 ndege ya SQ117 ilitekwa ikatua Changi, uwanja wao wa ndege, makomando wakaivamia, ndani ya kama nusu dakika watekaji wanne wamekufa na mateka wote wako salama. Watu wanazisifia hizo sekunde, wanasahau kikosi kilianzishwa 1984, kikakaa miaka kinafanya mazoezi kimyakimya bila raia kujua kipo. Ukisubiri tukio ndo uanze kuchuja watu umeshachelewa.

Na kuchuja kwenyewe kuna gharama ambayo bajeti haiioneshi. Jeshi dogo ukilitoa masajenti wake bora ukawaweka pamoja, zile batalioni za kawaida zinabaki na nani wa kuwafundisha makuruta? Kikosi kiwe kidogo kweli, na mtu akimaliza miaka yake arudi kwenye batalioni akafundishe.

Halafu kuna hili la amri, ambalo mi naliogopa kuliko yote. Guinea ilikuwa na kikosi chake maalum chini ya Mamady Doumbouya, na tarehe 5 Septemba 2021 kikosi hichohicho kikamng'oa Rais Alpha Condé. Watu bora, silaha bora, wako mji mkuu, wanamtii kamanda mmoja, nani atawazuia?

Kwa hiyo mimi nchi ndogo ningeiambia hivi, anza na watu wachache waliochujwa vizuri, helikopta mbili tatu zenye marubani waliozoea kuruka usiku, watu wa usalama wa taifa wakae nao meza moja, na kabla hata ya kuruta wa kwanza bunge lipitishe sheria inayosema nani anawatuma, nani anawakagua, na kamanda anakaa miaka mingapi kabla ya kuhamishwa.