Acheni kuniuliza kama El Niño yaja

Kila ifikapo Septemba simu yangu hujaa sauti za WhatsApp. Ami yangu wa Kisauni, dereva wa tuktuk aliyewahi kunibeba akaomba namba, mwanafunzi wangu wa zamani anayeuza saruji Changamwe: wote swali lao ni lile lile. "Daktari wasemaje, El Niño yaja au haiji?" Nikisema haiji, mtu ataacha mtaro wake umeziba. Nikisema yaja, turubai zitapanda bei Kongowea kabla ya magharibi. Juzi nikaletewa sauti ya jamaa nisiyemjua, anaapa kwamba El Niño "imeshaingia Bahari ya Hindi na itatua Mombasa wiki ijayo." Itatua! Na mizigo yake je, itapitia forodha?

Kazi yangu ni mienendo ya tabianchi na mzunguko wa maji wa ukanda huu. Nafundisha, naandika makala ambazo husomwa na wenzangu wachache, na kila vuli nageuzwa mtabiri wa mtaa bila malipo. Safari hii nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia haya.

El Niño haiji popote. Iko Pasifiki, na huko ndiko inakoishia kuwa El Niño. Kipande tunachokipima zaidi kiko kati ya longitudo ya nyuzi 170 na 120 magharibi, nyuzi 5 kila upande wa ikweta. Uso wa bahari pale ukizidi wastani kwa nusu nyuzijoto ya Selsiasi au zaidi, na ukakaa hivyo miezi kadhaa, basi El Niño ipo. Kutoka hapo hadi Likoni ni karibu nusu ya dunia. Kinachotufikia sisi ni mtikisiko wa hewa ya juu, na mtikisiko huo ukifika unakuta bahari nyingine njiani, yenye mambo yake. Bahari hiyo ndiyo yetu.

Tazameni miaka yenyewe. 1997 El Niño ilikuwa kali, na vuli yetu ikawa gharika: barabara ya Mombasa hadi Nairobi ikakatika vipande, Garissa ikapata homa ya Bonde la Ufa baada ya maji. Tangu hapo neno El Niño likakaa vichwani kama jina jingine la mafuriko. Sawa. Mwaka 2015 El Niño ikarudi, kwa vipimo vya Pasifiki haikuwa ndogo kuliko ile ya 1997. Serikali ikatenga mabilioni, watu wakahama mabondeni, na mvua iliyonyesha ikawa ya wastani ama zaidi kidogo sehemu nyingi. Wakenya wakacheka, wakasema wanasayansi wamekula pesa. Halafu 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia tangu katikati ya mwaka, hakuna El Niño ya kutajwa, na vuli ikamwaga maji kuanzia Oktoba hadi Januari. Maporomoko ya West Pokot yalikuwa Novemba ile. Nzige walioingia nchini mwishoni mwa mwaka walikuta majani yamejaa. Na mkitaka ya zamani, 1961: mafuriko makubwa kote Afrika Mashariki, Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache, na Pasifiki haikuwa na El Niño.

Kwa hiyo ukinambia "El Niño ndiyo huleta mvua," nitakuuliza: ya 1961 na 2019 ililetwa na nani, na ya 2015 ilikwenda wapi?

Hapa ndipo dipoli inapoingia, na hapa mnivumilie, kwa sababu ndipo ninapogombana na watu. Mwaka 1999 Saji, Goswami, Vinayachandran na Yamagata walichapisha makala iliyoonyesha kwamba Bahari ya Hindi ina mchezo wake wenyewe. Tunachukua halijoto ya uso wa bahari upande wa magharibi, nyuzi 50 hadi 70 mashariki, tunaitoa ile ya upande wa Sumatra, nyuzi 90 hadi 110. Tofauti ikipanda juu ya kawaida, dipoli ni chanya. Katika mwaka wa kawaida maji ya moto yako Indonesia, hewa inapanda huko na kushuka huku kwetu, na hewa inayoshuka haileti mvua. Dipoli ikiwa chanya, maji ya Sumatra yanapoa, pepo za ikweta zinageuka na kuvuma kuja kwetu, maji ya moto yanasukumwa magharibi, na hewa inaanza kupanda upande wetu. 1961, 1997 na 2019 zote zilikuwa na dipoli chanya kali. 2015 ilikuwa nayo, lakini hafifu. Ukiondoa mchango wa dipoli kwenye hesabu za vuli, El Niño hubaki na kidogo sana mkononi.

Sasa msikimbilie upande mwingine mkaanza kunitumia "dipoli yaja." Jambo linalonikera zaidi ya El Niño yenyewe ni mtu aliyekwenda ufukweni Nyali, akatia mguu majini, akaniandikia kwamba bahari imechemka, basi dipoli ipo. Bahari ya hapa huwa na joto zaidi Machi na Aprili kuliko Novemba, dipoli iwepo isiwepo. Tena upande wetu hauhitaji kupanda sana. Mara nyingi ni nusu nyuzijoto, au moja, mguu wako hauwezi kuijua. Kazi kubwa hufanyika Sumatra, ambako bahari inaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 2. Ukitaka kujua vuli ya Mombasa, angalia Sumatra. Hii nimesema darasani, redioni, na msibani.

Na El Niño haikosi kazi kabisa, nisije nikaonekana nimeifuta. Pasifiki ikipata joto, mzunguko mzima wa hewa ya ikweta hutikisika, na mara nyingi mtikisiko huo ndio unaoishtua dipoli. Ndiyo maana 2023 zote mbili zilikuja pamoja. Oktoba ile tukatangaziwa hadharani kwamba El Niño haiji tena, ni mvua tu ya kuzidi kawaida kidogo. Novemba barabara za mjini zikawa mito, madaraja Pwani na kaskazini mashariki yakaenda, na nchi nzima ikaanza kubishana kama kilichonyesha ni El Niño ama si El Niño, kana kwamba maji yaliyoingia sebuleni yangetoka kama jina lingekuwa jingine.

Wako wenzangu wanaoshuku hata dipoli. Wanasema ncha zake mbili hazichezi pamoja kila mara kama tunavyochora, na kwamba huenda tunaipa jina moja mambo mawili yanayokutana mara kwa mara. Sina jibu la kuwanyamazisha. Ninapoitumia, naitumia kwa sababu kwenye vuli inafanya kazi, na kwa sababu hakuna aliyeniletea chombo bora.

Kuna imani nyingine, pacha wa hii: kwamba Mombasa ina bahari, kwa hiyo ukame Pwani ni laana au ni siasa. "Maji yote haya mbele yetu, vipi Kinango hakunyeshi?" Mvuke tunao mwaka mzima, ukikaa Mji wa Kale mchana wa Februari unaujua kwa shati lako. Mvuke bila hewa ya kupanda ni jasho tu. Chukueni kusi. Kuanzia Juni hadi Septemba kunavuma upepo uliojaa unyevu wa bahari nzima ya kusini, lakini unapita sambamba na pwani, na kimo cha kama kilomita moja na nusu unageuka mkondo mwembamba wenye kasi, unakwea juu ya mashariki ya Kenya, unakata Somalia, unaelekea India. Mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater aliueleza mkondo huo miaka ya 1960. Mvuke unaopita juu ya Garissa mwezi wa Julai unaenda kunyesha Kerala na Mumbai. Garissa yenyewe haifiki milimita 400 kwa mwaka. Mombasa inapita 1,000. Kaskazini zaidi, Turkana, kuna mkondo mwingine unaopenya kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu, ambao watafiti Kinuthia na Asnani waliuripoti mwaka 1982, nao pia unapitisha unyevu bila kuuacha. Ukame wa kaskazini mashariki una sababu nyingi, lakini ukosefu wa mvuke angani si wa kwanza.

Masika nayo, ambayo Pwani twaiita mvua ya mwaka, ni habari tofauti kabisa na nitaipitia haraka kwa sababu ukweli ni kwamba hatuielewi vizuri. Dipoli huanza kujijenga karibu na Juni, hufika kilele kati ya Septemba na Novemba, na hufa mwaka ukiisha. Machi haipo. El Niño na masika hazijuani sana. Kwa hiyo waliosema mafuriko ya Aprili 2024 ni "El Niño iliyobaki" walikuwa wanayapachika jina lililokuwa karibu. Masika hutegemea zaidi mambo ya wiki na wiki: mawimbi ya mvua yanayozunguka ikweta kwa siku 30 hadi 60, vimbunga vya kusini. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, mwezi wa Machi na kimbunga Kenneth kikafuata Aprili, unyevu ulivutwa huko, na wakulima wetu wakangoja mvua iliyochelewa. Hakuna anayeweza kukwambia Desemba kwamba hayo yatatokea.

Halafu kuna fumbo linalonikosesha raha. Tangu miaka ya 1980 masika ilikuwa ikipungua kwa miongo, wakati nyingi ya modeli zetu za tabianchi, yaani hesabu za kompyuta, zinasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi dunia ikizidi joto. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba upungufu ule ulitokana zaidi na msimu kuwa mfupi: unachelewa kuanza, unawahi kuisha, na katikati mvua ni ile ile. Lakini masika za 2018 na 2020 zikaja nzito mno, na Mei 2020 Ziwa Victoria likafika kiwango kilichovunja cha 1964. Kisha ikaja misimu mitano mfululizo ya ukame, vuli 2020 hadi vuli 2022. Nikiulizwa na mfadhili mwelekeo ni upi, naonyesha modeli. Nikiulizwa na mwenzangu ofisini, namkumbusha kwamba nyingi ya modeli hizo hizo zinazidisha mvua ya vuli na kuipunja masika. Modeli ambayo haijui msimu mkubwa ni upi, unaiamini kiasi gani kuhusu mwaka 2080? Mimi naiamini kidogo zaidi kuliko ninavyopaswa, kwa sababu nalipwa kuitumia.

Neno moja kuhusu utabiri wa msimu, maana watabiri wanatukanwa bure. Ramani ikisema uwezekano wa mvua kuzidi kawaida ni asilimia 45, maana yake kuna asilimia 55 ya kuwa kawaida au chini yake. Bila kujua chochote, kila kundi kati ya matatu, juu ya kawaida, kawaida na chini yake, lingepata 33. Kutoka 33 hadi 45 ni habari njema kwa mwenye bima na mwenye ghala. Kwa mtu mwenye ekari mbili Kaloleni ni habari ndogo, na haimwambii mvua itanyesha lini wala kama itakatika wiki tatu katikati. Hilo la wiki tatu ndilo linaloua mahindi.

Na wale wanaofurahia mvua ya mjini wakidhani mifereji itajaa: maji yenu hayatoki hapo. Sehemu ya maji ya Mombasa ni mvua iliyonyesha vilima vya Chyulu, ikazama kwenye miamba ya volkano, ikatokea Mzima kule Tsavo, ikaletwa kwa bomba la tangu miaka ya 1950. Nyingine inapigwa pampu Baricho, kando ya Mto Sabaki, ambao juu yake ni Athi unaopita karibu na Nairobi. Mvua ya Mvita inajaza mitaro ya Mvita.

Kinachonirudisha kwenye kazi hii kila nikitaka kuiacha ni data, na ndicho kinachonitia aibu mbele ya wanafunzi. Satelaiti tunazo, lakini satelaiti huona mawingu kutoka juu, na lazima ilinganishwe na kopo lililosimama shambani. Vipimamvua vyenye kumbukumbu ndefu vilikuwa kwenye misheni, stesheni za reli na mashamba ya mkonge, na tangu miaka ya 1990 vingi vimenyamaza. Daftari moja ninalo mezani sasa hivi. Mwanzo ni inchi, kisha mkono mwingine, wino mwingine, milimita. Jumapili nyingi kuna kistari tu. Jumatatu zake zina mvua kubwa isiyo ya kawaida, na ukikaa nazo unagundua karani hakuja kazini Jumapili, akamwaga siku mbili pamoja. Programu ya kompyuta ikilisoma daftari hili itakwambia Jumatatu zina gharika. Ni lazima mtu akae alisome ukurasa kwa ukurasa, na hakuna jarida litakalochapisha kazi hiyo, wala chuo kitakachompandisha mtu cheo kwa ajili yake.

Kwa hiyo badala ya kuniuliza El Niño, fanyeni hivi. Kama babu yako alikuwa karani wa shamba au bwana stesheni kati ya Voi na Malindi, na kuna sanduku ambalo hakuna aliyelifungua, lifungue. Madaftari ya mvua huwa na mistari myekundu na safu ya tarehe kushoto. Usiyasafishe, usiyanyooshe kwa pasi kama alivyofanya jamaa mmoja. Nipigie, nitakuja na skana yangu.